Maarifa Yanayoshuka na Mto

Kisangani ipo pale ilipo kwa sababu moja: hapo ndipo meli zinapokwama. Kutoka Kinshasa mto Kongo unapitika kwa kilomita zipatazo 1,700, kisha maporomoko ya Boyoma yanaufunga, na mzigo unaotaka kuendelea juu hauna budi kupanda garimoshi hadi Ubundu, safari ya kilomita 125. Mji uliozaliwa na hali hiyo ni mji wa kupakia na kupakua. Pembe za ndovu, mpira, pamba, kahawa, mawese, mbao na almasi, vyote vimepita hapa kwa zamu, na karibu vyote vimefuata maji kuelekea magharibi. Biashara hiyo imeandikiwa vitabu vingi. Lakini ipo bidhaa moja ambayo haionekani katika hesabu za bandari, ingawa imesafirishwa kutoka mji huu kwa muda mrefu kuliko almasi, nayo ni maarifa. Tafiti zilizofanywa Kisangani na viunga vyake hazikupungukiwa ubora. Nyingine zilibadilisha kilimo cha dunia. Zilichopungukiwa ni makao. Swali liliulizwa kwingine, jibu likachimbwa hapa, na daftari likapanda meli. Leo wanafunzi wa hapa, katika jimbo la Tshopo, wanaambiwa kwamba masomo ya mtandaoni yatauondoa umbali uliowatenga na ulimwengu wa wasomi. Kabla ya kushangilia, inafaa kuuliza kama umbali ndio uliokuwa tatizo.

Mfano wa kwanza ni wa mtu ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamfahamu. Kituo cha Stanley Falls, chimbuko la Kisangani, kilianzishwa mwishoni mwa 1883, kikateketea mwaka 1886 katika mapigano na wafanyabiashara waliotoka upande wa pwani, na mwaka 1887 Hamed bin Muhammad el-Murjebi, yaani Tippu Tip, akateuliwa kuwa wali wake kwa mkataba uliofungwa Unguja kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili. Aliporudi Unguja kwa mara ya mwisho alisimulia maisha yake kwa Kiswahili. Watu huyasoma masimulizi yale kama hadithi za safari na vita. Yasome kwa jicho la mchumi, utaona jambo lingine: nani alimkopesha mtaji, riziki ya msafara ilitoka wapi, mtawala gani alidai hongo na yupi alitaka ndoa, na jinsi deni la Taria Topan lilivyomfuata mtu hadi katikati ya msitu. Ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo ya uchumi wa siasa wa bonde la juu la Kongo, tena kwa lugha yetu. Yalichapishwa wapi? Berlin, 1902 na 1903, na Heinrich Brode, yakiambatana na tafsiri ya Kijerumani kwa ajili ya wanafunzi wa lugha za mashariki. Sisemi Brode alifanya vibaya; bila yeye huenda tusingekuwa nayo. Nasema tu kwamba njia ilikwisha kufunguliwa.

Njia hiyo ilipanuliwa Yangambi, na hapo ndipo penye ushahidi mwingi zaidi. Yangambi iko kwenye ukingo wa kulia wa mto, kama kilomita 100 chini ya Kisangani. Mwaka 1933 serikali ya Ubelgiji iliunda taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo kwa ajili ya Kongo, iliyojulikana kwa herufi zake INEAC, na Yangambi ikawa kitovu chake. Ndani ya miaka 20 palikuwa na maabara, maktaba, hebaria ya mimea iliyokaushwa, mashamba ya majaribio, nyumba za maofisa zenye veranda na bustani, na vituo vya hali ya hewa vilivyopima mvua na joto siku baada ya siku. Katika nchi za joto palikuwa na mahali pachache sana pa kulinganisha na hapo.

Mwaka 1941 watafiti wawili wa Yangambi, Beirnaert na Vanderweyen, walieleza jambo ambalo wakulima wa michikichi walikuwa wakiliona bila kujua chanzo chake. Kuna chikichi la ganda nene, linaloitwa dura. Kuna lisilo na ganda, pisifera, ambalo mti wake mara nyingi hauzai vizuri. Na kuna la ganda jembamba, tenera, lenye nyama nyingi na mafuta mengi. Walionyesha kwamba unene wa ganda hurithiwa kwa kanuni rahisi, na kwamba tenera ni mtoto wa hao wengine wawili. Chavusha dura kwa pisifera, na mbegu zake zitakupa tenera tupu. Ugunduzi huo ndio msingi wa mashamba ya michikichi ya dunia nzima hii leo. Katika miaka ya 1950 Kongo ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mawese duniani. Siku hizi Indonesia na Malaysia peke yao hutoa zaidi ya asilimia 80 ya mafuta hayo, kwa mbegu za tenera, na Kongo huagiza mafuta ya kupikia kutoka nje. Kinachonishughulisha hapa si kuporomoka kwa uchumi, maana kuna sababu nyingi na nyingine ni za Wakongo wenyewe. Kinachonishughulisha ni kwamba ujuzi wa Yangambi haukuwa na mizizi Yangambi. Wabelgiji walipoondoka mwaka 1960, wahitimu wa chuo kikuu katika Kongo nzima hawakufika 30. Waliopanda, waliochavusha, waliopima na kuhesabu katika mashamba yale walikuwa Wakongo. Aliyeruhusiwa kujua kwa nini anahesabu alikuwa mwingine.

Ndizi nayo ina kisa chake, na kinachekesha kidogo. Kilomita tano kutoka kituoni ilipatikana aina ya ndizi yenye kustahimili ugonjwa wa madoa meusi ya majani. Ikapewa jina la alama ya barabarani: Yangambi Km 5. Kwa jina hilo hilo ilisambazwa, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa ikigawiwa wakulima wa Kagera, Tanzania. Ipo migomba mashambani yenye jina la kijiji cha Kongo na umbali wake, kana kwamba mkulima wa Bukoba anahitaji kujua njia ya kufika huko. Jina limesafiri. Mapato na heshima ya kugundua havikurudi.

Lakini kazi ya Yangambi inayonigusa kuliko zote haikuwa na faida yoyote ya soko. Kuanzia 1937 hadi miaka ya 1950, watunza kumbukumbu walipita msituni juma baada ya juma wakitazama miti ile ile ipatayo 2,000, ya aina mamia kadhaa, wakiandika kwa alama za mkono: huu unachanua, huu umezaa, huu umepukutisha majani. Ni kazi ya uvumilivu mkubwa. Kwa miongo kadhaa karatasi hizo hazikusomwa na mtu. Mabadiliko ya tabianchi yalipoanza kuwashughulisha wanasayansi, ikagundulika kwamba pasipo rekodi kama hizo hakuna ajuaye msitu wa Kongo ulikuwa ukiishi vipi zamani. Karatasi zikapigwa picha, zikawekwa mtandaoni, na watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi, ambao wengi wao hawajawahi kuuona mto Kongo, wakazinakili alama moja moja katika mradi ulioitwa Jungle Rhythms. Nitaurudia mfano huu, kwa kuwa unaonekana kuivunja hoja yangu.

Wakati Yangambi wakihesabu maua, mjini Stanleyville, kama Kisangani ilivyoitwa wakati wa ukoloni, kulikuwa na utafiti wa namna nyingine. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1950 maabara ya tiba ya mji ilishirikiana na Hilary Koprowski, mtafiti wa chanjo ya polio kutoka Marekani. Kambi ikafunguliwa kando ya mto Lindi, si mbali na mji, na mamia ya sokwe wakakusanywa humo kwa majaribio. Chanjo ya mdomo aliyoitengeneza Koprowski ilitolewa kwa watu wengi katika Kongo na Ruanda-Urundi kuanzia 1957. Miaka 40 baadaye mwandishi Mwingereza, Edward Hooper, alichapisha kitabu kikubwa akidai kwamba chanjo hiyo, kupitia sokwe wa Lindi, ndiyo iliyoleta Ukimwi. Madai hayo yaliutikisa ulimwengu. Mwanabiolojia mashuhuri William Hamilton alisafiri hadi Kisangani, katikati ya vita, kutafuta kinyesi cha sokwe kitakachothibitisha au kukanusha. Aliugua malaria katika safari ya mwanzoni mwa mwaka 2000 na akafariki Machi mwaka huo. Wenzake waliendelea, na mwaka 2004 wakatangaza jibu: virusi vya sokwe wa maeneo ya Kisangani ni vya ukoo mwingine, mbali na ule wa virusi vya Ukimwi vilivyoenea duniani, ambavyo asili yake ilikuja kuonekana kusini mashariki mwa Kamerun. Nadharia ya Hooper ikaanguka.

Tazama jinsi mji ulivyoshiriki katika kisa hiki. Stanleyville ilitoa sokwe, ilitoa watoto wa kuchanjwa, ikatoa tuhuma, na mwisho ikatoa kinyesi kilichoiondolea tuhuma. Mjadala wenyewe uliendeshwa London na Philadelphia. Mkazi wa Kisangani aliyetaka kujua kama mji wake ulileta janga hilo duniani alisubiri habari kutoka nje kuhusu kilichopatikana nyuma ya nyumba yake.

Watu wa mji nao walichunguzwa. Mwaka 1952 na 1953, kwa udhamini wa UNESCO, Valdo Pons, Nelly Xydias na Pierre Clément walifanya uchunguzi wa maisha ya Waafrika wa Stanleyville: kazi, ndoa, mishahara, ujirani. Pons alikaa na kuuangalia mtaa mmoja, njia ya 21, kwa makini ambayo bado inastahili kuigwa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1969, miaka mitatu baada ya jina Stanleyville kufutwa. Clément kwa upande wake alimfahamu karani mmoja wa posta, kijana mchangamfu aliyejiendeleza kwa masomo ya kuandikiana barua na kwa kusoma kila alichokipata, jina lake Patrice Lumumba. Wanaodhani elimu ya mbali imefika Kisangani juzi na simu za mkononi wamkumbuke karani huyo. Lumumba naye aliandika kitabu, akiwa kifungoni mwaka 1956 na 1957, juu ya hali ya koloni na mustakabali wake. Kilichapishwa Brussels mwaka 1961, mwandishi akiwa amekwisha kuuawa.

Hapa msomaji mwenye haki ataniuliza: je, hayo si mambo ya ukoloni tu, ambayo yangeisha mara nchi ilipopata vyuo vyake? Swali zuri, na historia ya chuo kikuu cha Kisangani ndiyo jibu lake, nusu kwa upande wako na nusu kwa upande wangu. Makanisa ya Kiprotestanti yalifungua Chuo Kikuu Huru cha Kongo mjini Stanleyville mwaka 1963. Kabla hakijatimiza mwaka, waasi walioitwa Wasimba waliuteka mji mwezi Agosti 1964, kisha wakaja askari wa miavuli wa Ubelgiji mwezi Novemba. Chuo kikahamia mji mkuu na kulazimika kuomba nafasi kwa jirani, Chuo Kikuu cha Lovanium. Kilirudi baadaye. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliviunganisha vyuo vyote vitatu vya nchi kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, UNAZA, na kugawa vitivo kama mtu agawaye urithi: sheria na uchumi vikaenda Kinshasa, sayansi za jamii na siasa pamoja na fasihi vikaenda Lubumbashi, saikolojia na elimu vikaja Kisangani. Mgawanyo huo haukufuata swali lolote la kielimu. Ulikuwa wa kiusalama, wa kuwatawanya wanafunzi waliokuwa wakiandamana.

Linganisha hilo na kinu cha nyuklia cha Kinshasa, kwa sababu hapo ndipo inapoonekana kwamba jengo si makao. Urani ya Shinkolobwe, Katanga, ndiyo iliyotumika kwa sehemu kubwa katika mabomu ya kwanza ya Marekani. Baada ya vita Ubelgiji ilipata ujuzi na vifaa vya nyuklia kutoka kwa Wamarekani, na mwaka 1959 kinu kidogo cha utafiti, TRICO, cha kilowati 50, kikawashwa kwenye kilima cha Lovanium. Kilikuwa cha kwanza barani Afrika. Aliyekisukuma ni mkuu wa chuo, Monsinyori Luc Gillon, padri aliyekuwa pia mwanafizikia wa nyuklia. Cha pili, chenye nguvu ya megawati moja, kilifuata mwaka 1972, na kimezimwa tangu 2004. Wakongo walifundishwa pale, isotopu zilitengenezwa pale, na hakuna haja ya kuidharau kazi yao. Lakini fizikia ya nyuklia iliwekwa Kinshasa kama zawadi kwa nchi iliyotoa urani, na zawadi haina fundi wa kudumu: vipuri, mafuta na ruhusa vilitoka nje, na vilipokatika mashine ilibaki ya kutazamwa. Kisangani haikupata kinu. Ilipata ualimu na saikolojia, vitu ambavyo serikali iliviona havina uzito, na kwa muda ikavifanyia kazi iliyodumu kuliko ya kinu.

Nazungumzia CRIDE, kituo cha utafiti wa maendeleo ya elimu kilichoongozwa na Benoît Verhaegen. Verhaegen alikuwa Mbelgiji, mtaalamu wa siasa, mwandishi wa juzuu mbili za maasi ya Kongo zilizotoka 1966 na 1969. Kwa mantiki ya 1971 mahali pake palikuwa Lubumbashi, lakini alikuja Kisangani. Akiwa hapo alitoa mwaka 1974 kitabu cha nadharia ya kile alichokiita historia ya papo hapo: historia ya matukio ambayo waliotenda bado wako hai, ambamo mtenda hageuzwi kuwa kitu cha kuchunguzwa bali hushirikishwa katika kuyaelewa aliyoyatenda. Kwa nchi ambayo maktaba zake ziliungua na wazee wake walikuwa hai, njia hiyo ilikuwa ya lazima kuliko ya fahari. Mwaka 1975 likatoka juzuu la kwanza la historia ya Kisangani kutoka 1876 hadi 1976, chini ya usimamizi wake, likichapishwa na idara ya uchapaji ya vyuo vikuu vya Zaire. Kituo kilitoa pia madaftari yake yenyewe. Mwaka 1978 likaja jambo la nadra: chuo kikageuza macho na kujichunguza, katika kitabu kuhusu elimu ya chuo kikuu Zaire kutoka Lovanium hadi UNAZA. Nani anaingia chuoni, nani anafeli, nani anaajiriwa, fedha zinakwenda wapi. Huo ni uchumi wa siasa wa maarifa, ulioandikwa na watu waliokuwa ndani yake, mahali ulipokuwa ukitokea.

Kwa hiyo hoja yangu haihusu rangi wala pasipoti. Mbelgiji alifanya Kisangani kile ambacho maofisa wengi wazalendo hawakukifanya. Tofauti ilikuwa katika mambo mawili tu: swali lilizaliwa na shida ya mahali pale, na karatasi zilibaki mahali ambapo mwanafunzi wa mwaka uliofuata angeweza kuzichukua rafuni, kuzipinga na kuendelea. Kumbuka neno hilo, kuzipinga. Utafiti wenye makao ni ule ambao jirani anaweza kukukosoa kwa kutumia ushahidi wako mwenyewe.

Mfano wa miaka michache baadaye unalionyesha hilo kwa kinyume chake. Janet MacGaffey alifanya utafiti Kisangani mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, na kitabu chake cha 1987 ni miongoni mwa vilivyo bora kuhusu uchumi wa Zaire. Baada ya amri ya Novemba 1973 iliyonyang'anya wageni maduka na mashamba na kuwagawia wakubwa, wataalamu wengi walikubaliana kwamba nchi imebaki na vimelea tu. MacGaffey aliwatazama wafanyabiashara wa Kisangani, wakiwamo Wanande waliosafirisha maharage na mboga kutoka Kivu na wanawake walionunua samaki na mchele kwa jumla, akaonyesha kwamba tabaka la wenye mali linajengeka nje ya dola, kwa njia ambazo serikali iliziita magendo na wenyewe wakiziita maisha. Ni sahihi, nami naamini hivyo. Lakini kitabu kilijibu ubishi wa wasomi wa Ulaya na Marekani kuhusu utegemezi, kikatoka Cambridge kwa Kiingereza, ilhali Kisangani ni mji usomao Kifaransa na kuzungumza Kiswahili na Lingala. Wafanyabiashara wenyewe hawakuhitaji kuambiwa kwamba wapo. Walichohitaji, yaani namna ya kulazimisha benki na mahakama ziwatambue, hakikuwa swali la kitabu.

Sasa pingamizi nzito zaidi. Watasema: kama karatasi zingebaki zote Kisangani, leo tungekuwa na nini? Mji huu umeporwa mara nyingi. Ulipitiwa na vita vya 1996 na 1997, na kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda, yaliyokuwa marafiki, yalipigana ndani yake kwa mizinga na kuua mamia ya raia. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda mwaka 2022 iilipe Kongo dola milioni 325 kwa vita vyake nchini humo. Nyaraka za INEAC zilizoko kwenye hifadhi ya taifa ya Ubelgiji hazikunyeshewa na mvua hata siku moja. Kweli tupu. Lakini pingamizi hili linachukulia kwamba kilichobaki kimepotea, na sivyo. Hebaria ya Yangambi, yenye vielelezo zaidi ya 100,000, bado ipo, si kwa sababu ya kuta bali kwa sababu walikuwapo watunzaji waliobaki nayo. Na usalama ni sababu ya kutunza nakala ya pili mbali. Haujawahi kuwa sababu ya kutoacha ya kwanza nyumbani.

Wengine watasema maarifa hayana kwao, kwamba kanuni ya ganda la chikichi ni kweli Malaysia kama ilivyo kweli Yangambi. Ni kweli kila mahali, nakubali. Kutumika kwake ndiko kunakotegemea mahali. Mbegu bora inahitaji kitalu, kitalu kinahitaji mtu anayejua uzazi wa mmea, na mtu huyo anahitaji kituo kinachomlipa mwaka ujao. Malaysia ilivijenga vyote vitatu kwa msingi uliochimbwa Tshopo.

Inabaki intaneti. Tuliacha mradi wa miti ya Yangambi, na nilisema unaonekana kuivunja hoja. Kwa upande mmoja ni mfano mzuri: rekodi zilizolala miongo sita zikafufuliwa, takwimu zikawekwa wazi kwa kila mtu, na miongoni mwa waandishi wa makala zilizotokana nazo wamo watafiti wa Kikongo. Mwanafunzi wa Kisangani mwenye simu anaweza kuzipakua bure, jambo ambalo babu yake, hata kama ndiye aliyezunguka miti ile, asingeruhusiwa kulifanya. Hiyo ni hatua, na mtu asiibeze. Lakini angalia mpangilio: alama ziliandikwa Yangambi, zikanakiliwa na watu wa kujitolea wa mabara mengine, zikachambuliwa kwa kompyuta zilizoko kwingine. Mtandao umebadilisha kasi ya mkondo. Mwelekeo wake ni ule ule. Wakongo wenyewe waliuita mtandao wao wa vyuo vikuu Eb@le, yaani mto kwa Lingala. Walichagua jina sahihi kuliko walivyodhani.

Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa ajili ya Korona, neno masomo ya mtandaoni lilisikika kila mahali. Kisangani ilikumbana nalo ikiwa na umeme unaotegemea mitambo ya zamani ya bwawa la Tshopo, ambayo ikiharibika mji hulala gizani, na vifurushi vya data ambavyo mzazi anayeendesha toleka, yaani teksi ya baiskeli, hawezi kuvinunua kila siku. Hayo ni matatizo ya kiufundi na yatapungua. Zito zaidi ni silabusi. Katika vyuo vya Kongo mhadhiri huandika maelezo ya somo, huyarudufu na kuwauzia wanafunzi, na kwa wengi mauzo hayo huziba pengo la mshahara. Somo likiwekwa mtandaoni bure, pengo hilo litazibwa na nani? Hakuna mfadhili wa programu za mafunzo aliyenijibu hilo kwa maandishi yake, na hadi lijibiwe, mhadhiri atakuwa na sababu nzuri ya kiuchumi ya kuutaka mtandao uchelewe. Verhaegen na wenzake wangeliuliza swali hilo kwanza.

Si kila kitu kinashuka na mto. Baada ya msafara mkubwa wa wanasayansi wa mwaka 2010, Boyekoli Ebale Congo, kituo cha kufuatilia bioanuwai kilijengwa kwenye viwanja vya kitivo cha sayansi cha Kisangani ili vielelezo vihifadhiwe hapa hapa na kusomwa na wanafunzi wa hapa. Na tangu 2020 mnara wa mita 55 wa Yangambi unapima hewa ya kaboni inayoingia na kutoka msituni. Takwimu zake huenda zikatumika kukadiria ni fedha kiasi gani nchi inastahili kulipwa kwa misitu yake. Ikiwa hesabu hizo hazitaweza kukaguliwa na kupingwa Kisangani kwenyewe, tutakuwa tumerudi kwenye dura na pisifera.

Kuna jambo moja lisilongoja mfadhili. Memwari, yaani tasnifu za kuhitimu, za wanafunzi wa enzi ya UNAZA ziliandikwa kwa mashine ya chapa, nakala chache kila moja, na nyingi zinahusu masoko, shule, wavuvi wa Wagenia, mashamba na mitaa ya mji huu katika miaka ambayo karibu hakuna mwingine aliyeiandika. Ikiwa baba, mama au shangazi yako alimaliza Kisangani wakati huo, tafuta sandukuni. Ipige picha ukipenda, iweke mtandaoni ukipenda. Ile ya karatasi ipeleke maktaba ya chuo kikuu, na udai risiti.